D, E na S: Tuache kuwadanganya wadogo zetu kuhusu kombi

Najua nimeadimika humu ndani, mtanisamehe. Wiki mbili zilizopita zilikuwa za tesiti mfululizo, na bumu lenyewe ndiyo hivyo tena, limeingia Jumatatu na Alhamisi likawa historia. Leo Jumamosi nimekaa kwenye kimbweta tangu saa tisa, nilipanga nimalize sehemu yangu ya kazi ya kikundi, lakini kichwa hakikai. Juzi usiku nilipigiwa simu kutoka nyumbani Makambako na ndiyo iliyonifanya niweke nondo pembeni niandike haya. Wengine mtanuna. Nuneni tu, ila someni mpaka mwisho.

Iko hivi. Mdogo wangu wa kike alimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita kwenye shule ya kata. Matokeo yalipotoka Januari akawa na divisheni two ya pointi 18. Historia B, Jiografia B, Kiswahili B. Kiingereza C, Fizikia C, Kemia C, Baiolojia C. Hesabu D na Uraia D. Nyumbani jogoo alichinjwa siku hiyo hiyo, maana kwenye ukoo wetu divisheni two haijapita mara nyingi. Sasa hivi ni kile kipindi cha kubadilisha machaguo ya tahasusi kwenye mtandao wa TAMISEMI (mimi nitaziita kombi kama tunavyoziita wote), na zimebaki siku chache. Yeye mwenyewe alijaza HGK kwenye Selform akiwa bado shuleni. Baba mkubwa, ambaye ndiye ametusomesha tangu baba afariki, anasema ibadilishwe iwe PCB. Hoja yake ni moja tu, na ndiyo iliyoninyima usingizi: "Mbona dada yako alisoma PCB na sasa yuko chuo kikuu?"

Dada mwenyewe ni mimi.

Kabla sijamlaumu mtu, nimtendee haki baba mkubwa. Yeye ni muuza mbao, hakuvuka darasa la saba, na anachosema si upuuzi. Sayansi kweli inakuachia njia nyingi. Aliyesoma PCM akichoka na uhandisi anaweza kugeukia uhasibu au uchumi. Aliyesoma HGK hawezi kuamka siku moja akahamia udaktari. Nchi inahitaji walimu wa fizikia na hesabu, zahanati zinahitaji watu, na tangazo la ajira likitoka baba mkubwa anaona wanaotafutwa ni akina nani. Mtu aliyeona mtoto wa jirani amemaliza digrii na yuko stendi ya Makambako anauza vocha, ana haki ya kuogopa. Kwa hiyo msije mkasema huyu dada anachukia sayansi. Siichukii. Ninachokichukia ni ule msemo tunaoupenda sana, "we chukua sayansi tu, mbele utajua mwenyewe."

Mbele unajua nini? Ngoja niwaambie nilichojua mimi.

Nilichukua PCB kwa msemo huo huo. Nilikuwa na C ya Fizikia ya kukariri maswali ya miaka iliyopita, C kama ya mdogo wangu. Shule niliyopangiwa siitaji, haina kosa la kutangazwa na haiko peke yake. Mwalimu wa Fizikia alikuwa mmoja kwa kidato cha tano na cha sita, na alipougua tulikaa karibu muhula mzima tunafundishana wenyewe kwa wenyewe. Nilikesha kweli. Baridi ya kule mnaijua, nilikuwa naloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto ili nisisinzie. Matokeo yakatoka Julai: Baiolojia D, Kemia E, Fizikia S.

Haya, tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii hakuna aliyenipigia nikiwa na miaka 17. Kuingia digrii moja kwa moja kwa utaratibu wa TCU unahitaji angalau prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S siyo prinsipo, ni ya kukufuta machozi tu. Kwa hiyo mimi na PCB yangu ya heshima nilikuwa na 2 jumlisha 1, jibu 3. Mlango umefungwa. Dada mmoja tuliyekuwa naye O-level, yule tuliyemcheka kwa kwenda HKL, alipata B, C, C. Zile mbili za kwanza peke yake ni 7. Yeye Oktoba ile alikuwa darasani chuo kikuu anaitwa mwaka wa kwanza, na mimi nilikuwa Makambako nachambua viazi na mama.

Sasa zile njia nyingi za sayansi zilikuwa wapi? Zilikuwepo, ila zinataka ufaulu. Jina la kombi peke yake halimwingizi mtu popote. PCB ya D, E, S ina njia chache kuliko HGK ya B mbili, na udaktari wenyewe unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu ziwe zimepasi vizuri. Mtoto mwenye C tatu za kubahatisha na B tatu alizozipata bila hata tuisheni, ukimwambia aache zile B aende kwenye zile C kwa sababu eti "zina soko", hapo umemchukulia kombi ya majirani.

Na hapa ndipo ninapokuja kwetu sisi, wasomi wa kimbwetani. Ninyi na mimi. Nani aliyemwambia baba mkubwa kwamba mimi nilifika chuo kwa PCB? Mimi! Matokeo yalipotoka nilimwambia nimefaulu ila nafasi zimejaa, nitasubiri mwaka mmoja. Mwaka huo nikajiandikisha faundesheni ya Chuo Kikuu Huria, nikasoma nikiwa nyumbani, mchana sokoni na usiku kwenye makaratasi, nikapata GPA ya juu ya ile 3.0 inayotakiwa, ndiyo nikaomba chuo kama watu wengine. Leo nasoma mambo ya maendeleo ya jamii, hakuna hata seli moja ya mmea kwenye nondo zangu. Lakini nikienda likizo nyumbani naitwa "yule wa sayansi" na mimi natabasamu. Uongo wangu wa mwaka ule ndio ushahidi anaopigiwa mdogo wangu leo.

Najua siko peke yangu. Hapa hosteli kwetu tuko wengi tuliozunguka. Kuna waliorisiti kama PC, kuna waliopitia diploma ya miaka mitatu wakaja na GPA zao, kuna waliotoka PCM na sasa wanasoma historia kwa raha zao. Likizo ikifika wote tunapanda basi, tunashuka Makambako au Njombe mjini tumevaa fulana za chuo, na madogo wakituuliza tunawajibu "sayansi ndiyo mpango mzima." Hatusemi tulivyozunguka. Tunaona aibu ya mwaka mmoja, na aibu hiyo tunawaachia wao wailipe.

Mdogo wangu aliniuliza swali kwenye simu ambalo ndilo hasa limenikalia. Aliuliza kwa sauti ndogo, nadhani mama alikuwa karibu: "Dada, kwani lazima niende Julai hii? Siwezi kukaa kwanza mwaka nikajua ninachotaka?"

Swali zuri kuliko yote niliyosikia mwaka huu. Kuna nchi zina jibu lake. Ayalandi tangu 1974 wana mwaka wa mpito, unakaa katikati ya sekondari ya chini na ya juu. Shule nyingi zinauacha uwe wa hiari. Mwanafunzi anaonja masomo mbalimbali, anaenda kujifunza kazi sehemu halisi, hakuna mtihani wa taifa unaomfukuza, halafu ndipo anachagua. Sisi tuna JKT kwa mujibu wa sheria, iliyorudishwa 2013, lakini hiyo inakuja baada ya kidato cha sita, wakati kombi imeshakutafuna.

Nilitamani kumjibu "kaa tu mdogo wangu, pumzika, jitafute." Nikaumeza ulimi. Huyu hayuko Ayalandi, yuko Makambako. Mwaka wa hiari kwa binti wa pale barabara kuu, ambaye hana shule wala kazi wala baba, mnajua unavyoisha. Anakuja shangazi wa mtu kutoka Dar, anasema kuna mama mmoja mwema anatafuta dada wa kazi, mshahara mzuri na cherehani atanunuliwa. Mabasi yanapita pale usiku na mchana. Wangapi wa Iringa na Njombe wamepanda kwa "mwaka mmoja tu"? Wengine wanarudi na mimba, wengine hawarudi kabisa. Halafu nafasi ya serikali nayo haisubiri, usiporipoti wanampa mwingine. Kwa hiyo nilimwambia hapana. Julai nenda, ada kidato cha tano na sita shule za serikali ilifutwa tangu mwaka wa fedha 2022/23, tatizo letu ni nauli, godoro na sare, hayo tutabanana.

Lakini nikamwambia na jambo la pili, na hili ndilo ninalotaka mlibebe. Mwaka wa mpito tunao tayari, ila tunautupa. Hesabuni. Mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba, kidato cha tano kinaanza Julai. Ni miezi saba na kitu. Tunaifanyia nini? Wenye nafuu wanalipia prifomu faivu, ambako mtoto anaanza kufundishwa PCB kabla hajaamua kama anaitaka. Wasio na nafuu wanachunga, wanauza, wanalima, wanasubiri. Miezi saba hakuna mtu mzima hata mmoja anayemchukua mtoto mkono akamwambia twende ukaone kazi.

Na kuona ni bure! Njombe ile ile tunayoidharau ina kila kitu. Kuna chai Kibena na Luponde, kuna wanaopanda parachichi za kusafirisha nje, kuna viwanda vya nguzo na mbao. Kuna hospitali, kuna stesheni ya TAZARA hapo hapo Makambako, kuna mahakama, kuna ofisi za ardhi. Mtoto anayesema anataka unesi akakae wiki mbili zahanati anafagia na kuangalia, kama damu itamkimbiza ikimbie mapema. Anayetaka uhandisi akashinde gereji. Na aazime vitabu vya kidato cha tano vya kombi zote mbili anazosita, asome sura tatu tatu za kila somo peke yake bila mwalimu. Kile atakachofungua tena kesho yake bila kusukumwa ndicho chake. Ikifika kipindi cha kubadilisha machaguo anabadilisha akijua, au anaacha akijua.

Mdogo wangu yeye alishaonja bila kupangiwa. Baba alipofariki kulitokea mgogoro wa mpaka wa shamba letu la miti. Aliyekuwa akimsindikiza mama kwenye baraza la kata ni yeye, akiwa kidato cha pili. Ndiye aliyesoma ile hati ya mauziano ya zamani kwa sauti, ndiye aliyeandika barua, na ndiye aliyewauliza wazee swali lililomfanya yule jirani anyamaze. Miti bado ni yetu. Tangu siku ile anasema anataka sheria, hasa sheria ya ardhi. Mtoto amekaa kwenye kazi, ameipenda, na ana B tatu za kumpeleka huko. Tunataka ushahidi gani zaidi? Eti akasome mfumo wa chakula wa mende!

Kuna watakaosema mambo yamebadilika, kombi siku hizi ni nyingi. Ni kweli, mwaka 2024 serikali iliongeza kombi mpya 49 juu ya 16 zilizokuwepo, jumla 65, zikaingia mpaka za michezo, sanaa na dini. Sera ya elimu toleo la 2023 nayo imeleta mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali, na walioingia kidato cha kwanza cha amali Januari 2024 watafika kidato cha nne 2027. Wenzetu Kenya wamepeleka wanafunzi wao wa kwanza wa Grade 10 Januari 2026 kwenye njia tatu za sekondari ya juu: moja ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, nyingine ya sayansi za jamii, na nyingine ya sanaa na michezo. Vizuri sana. Lakini ukimwongezea mtu njia kutoka 16 hadi 65 bila mtu wa kumwelekeza umemwongezea mahali pa kupotelea. Na mtatuona: amali itaanza kuitwa "ya waliofeli" na sisi sisi tuliowahi kusema HKL ni "Hapa Kula Lala". Mtoto fundi wa kweli atafichwa na wazazi wake kwenye PCM ili watu wasicheke.

Basi, yangu ni haya. Moja, kombi ichaguliwe kwa alama ambazo mtoto anaweza kuzirudia na kwa kazi aliyoiona kwa macho, siyo kwa jina. Mbili, ile miezi saba ya Novemba hadi Julai familia iipangie ratiba kama inavyopanga msimu wa viazi. Tatu, diploma ya vyuo vya kati isitajwe kama adhabu, maana tangu 2023/24 hata bodi ya mikopo imeanza kukopesha baadhi ya kozi za diploma. Nne, na hii ndiyo kubwa, sisi tuliotangulia tuseme ukweli wa vyeti vyetu.

Mimi nimeshaanza. Kabla ya kuandika haya, kama saa kumi na moja hivi, nilimpigia baba mkubwa. Nilizunguka weee, nikamuuliza bei ya mbao, nikamuuliza mvua. Mwisho nikamwambia: "Baba, mimi PCB nilifeli. Nilipata D, E na S. Sikukuambia. Chuo nimeingia kwa njia nyingine." Kimya. Nilisikia msumeno nyuma yake ukizimwa. Akauliza, "Ule mwaka uliokuwa nyumbani?" Nikasema ndiyo, ule. Kimya tena. Nilijua naitwa mwongo, na ningestahili.

Akasema, "Na mimi nimekuwa nikiwaambia watu pale sokoni wapeleke watoto wao PCB, nawatolea mfano wako."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Akasema hilo la mdogo wangu watalizungumza kesho baada ya ibada, na mama awepo, na mtoto mwenyewe awepo aseme. Sijui wataamua nini. Kama wataamua PCB pamoja na haya yote, angalau wataamua wakijua hesabu ya 2 jumlisha 1.

Ninyi wenye wadogo zenu Makambako, Njombe, Ludewa, Makete, Wanging'ombe na kwingine kote, simu mnazo. Siku zenyewe zimebaki chache. Pigeni leo, na muanze na matokeo yenu wenyewe.

Giza limeingia, mbu wameanza. Narudi kwenye kazi ya kikundi kabla sijafutwa jina. Tupo pamoja.